Betri kwenye Chumba cha Salfa

Lupaso, Masasi
6 Mei 2024

Mpendwa mdogo wangu Gasper,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Hujambo? Mama Trevor hajambo, na ule mgongo wake umepoa? Na wewe mwenyewe kifua hicho cha kuvuta vumbi la salfa ya kupulizia mikorosho kila msimu kikoje? Sisi huku wazima kiasi chetu. Baba Happiness anakusalimu, yuko shambani anapalilia chini ya mikorosho.

Najua unaishangaa barua wakati simu ipo. Simu ya nyumba hii ni moja, na mama anakaa nayo kitandani kama kifaranga chake. Ukipiga tunaweka sauti kubwa ili naye asikie. Sasa jambo linalomhusu yeye nitalisemea wapi? Bahasha hii nampa kondakta wa gari la Newala. Na wewe ukijibu, jibu hivihivi kwa karatasi.

Gasper, mama anapumua kwa kuazima. Ile mashine ya hewa tuliyopewa hospitali inamsaidia kweli, akiwekewa vile vibomba vya puani unaona rangi inarudi usoni. Daktari alisema mapafu yamechakaa kwa moshi. Nilitaka kumwambia, daktari, huo ni moshi wa korosho alizobangua miaka yote ili mimi na Gasper tupate sare za shule. Nikajifuta machozi.

Tatizo ni umeme. Ijumaa Kuu ulikatika tukiwa katikati ya sala za mateso. Midomo ya mama ikawa kama zambarau. Baba Happiness akakimbilia genereta ya jirani, akaikuta haina mafuta. Mimi na Happiness tukachukua ungo tukawa tunampepea kwa zamu, huku tunalia na kusali. Unajua alisema nini? "Anjelina, pepea taratibu, mimi si mtama." Tukacheka wote, mdogo wangu, tukacheka na mama anaishiwa pumzi.

Wewe uliwahi kuniambia kuna betri za lithiamu mtu anaagiza China kipande kipande, anaziunga mwenyewe nyumbani. Mimi sijui mambo hayo, niliishia darasa la saba. Ninachotaka ni mama amalize siku zake kwa amani, asihangaike na asiaibike. Kama linawezekana, lifanye. Nijibu mapema, maana kila taa ikicheza moyo wangu unaruka.

Dada yako akupendaye,
Anjelina (Mama Happiness)


Chilangala, Newala
14 Mei 2024

Dada yangu, shikamoo,

Barua imefika, kondakta ameikunja kama sigara lakini imesomeka. Sisi hatujambo. Mgongo wa Mama Trevor umepoa, mdomo ndio bado.

Dada, usilie tena. Seli nimeshaagiza! Nilikuwa nimeficha niwashtue. Kuna bwana wa Kariakoo anaitwa Mudathiri, anakusanya mizigo ya watu wengi kwenye kontena moja. Ni seli nane, kila moja nzito kama tofali. Unazipanga, unaziunga kwa vibao vya shaba, kisha unaweka kadi moja ndogo ya ulinzi. Kadi hiyo ndiyo akili yake, ikiona joto au hitilafu inakata yenyewe. Juu ya paa zinakaa sola, ndani inakaa inveta ya kugeuza umeme, basi. Wilaya nzima ikiwa gizani mama anapumua mpaka asubuhi.

Kwenye ndege hawazipakii, wanasema zinaweza kuwaka, kwa hiyo tunangoja meli. Mimi kila jioni naangalia video za mafundi kwenye simu. Mama Trevor anasema, "Mume wangu anataka kuoa matofali." Namwambia subiri, siku ya kunywa maji baridi utaniita bwana.

Zikifika nitakuja Lupaso kufunga kwa mikono yangu. Mwambie mama mwanawe yupo. Au usimwambie, mwache ashtuke.

Ni mimi mdogo wako,
Gasper


Lupaso
2 Julai 2024

Mdogo wangu Gasper,

Salamu nyingi katika Bwana. Poleni na msimu wa kupulizia.

Mama hakuwa vizuri wiki hii. Umeme umekatika mara nyingi, na mara ya mwisho alinishika kanga akaivuta mpaka ikachanika. Baadaye akaomba msamaha kwa ajili ya kanga! Nimempa mizizi ya ming'oko ya kuchemsha leo, amekula vipande viwili.

Nakuuliza jambo, usikasirike. Mujibu, yule kijana anayepulizia mashamba ya watu, alipita hapa. Nikamuuliza habari za kwako. Akasema, "Kwa Gasper? Mama, kule giza limehama. Soda baridi, barafu, watu wanachaji simu, redio inaimba kutwa." Nikamwambia labda umekosea nyumba. Akacheka, "Chilangala nzima ina nyumba moja tu ya namna hiyo."

Gasper, seli zimefika? Kama zimefika, mbona mama anapepewa? Sisemi ubaya wako kwa mtu, hata kwa mume wangu sijasema. Nimesema kwa Mungu, na sasa nasema kwako.

Dada yako,
Anjelina


Chilangala
10 Julai 2024

Dada, shikamoo,

Mujibu ana mdomo mpana kuliko bomba lake la salfa.

Ni kweli zimefika. Sikukuambia kwa sababu nilikuwa nazijaribu. Seli huwezi kuzitoa boksini ukamwunganishia mgonjwa. Lazima kwanza uzilinganishe, zijae sawa, halafu uzipe mzigo uone zinavyobeba. Friji ndiyo mzigo. Mama Trevor akaona friji ipo, akatia soda. Ningemzuiaje?

Sasa nisikilize. Nyumba yako imekaa chini ya mikorosho, jua halifiki kwenye bati. Nikifunga sola kwako zitalala njaa. Hapa kwangu paa liko wazi, sola ziko juu, kila kitu kimekaa. Betri nimeziweka kwenye kile chumba cha salfa. Hakuna chumba kikavu kama kile, kina kufuli, na panya hawakanyagi mle, maana panya na salfa hawapatani. Mafundi wa kwenye video wanalia panya wametafuna nyaya, mimi nawacheka. Upande wa pili wa ukuta ndicho chumba cha wageni. Waya unapita tundu moja tu, mashine ya mama inakaa hapo.

Mlete mama kwangu. Najua mama hukaa kwa binti, ndivyo tulivyokuta. Lakini na mimi ni mwana, dada. Barazani wananiambia, "Gasper umewasha taa za walevi, mama yako yuko gizani kwa shemeji." Unafikiri hainiumi? Watu wanatoka mpaka Mnyambe kuja kuona betri, kadhaa wameshaniagiza mzigo wa pili. Nataka waone na mama yangu anapumua kwazo.

Nitatuma gari. Sema lini.

Gasper


Lupaso
28 Julai 2024

Mdogo wangu,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mama anakuja Jumatano.

Usidhani nimekubali kwa urahisi. Baba Happiness alinoa shoka, akasema atakata mikorosho miwili ya mbele ili jua lishuke kwenye bati. Mikorosho ya baba yake, Gasper, inayozaa. Mama akaliona shoka linanolewa, akauliza, akaambiwa. Akasema, "Mtu hakati mkorosho kwa ajili ya kikongwe. Nipelekeni kwa Gasper." Ndiyo ikawa hivyo. Mimi nimefua nguo zake huku machozi yanadondokea kwenye beseni.

Mambo ya kushika ni haya. Uji wa mtama, usio na sukari nyingi. Alfajiri anasali, usimsemeshe. Moto usiikaribie mashine, lakini hilo yeye mwenyewe ni polisi. Mzee wetu wa kanisa, Ladislaus, alikuja kumwona na sigara mkononi, akamfukuza mpaka uani, mzee wa watu akabaki anasema shikamoo kupitia dirishani.

Na hili ulishike kuliko yote. Mama haombi. Kwangu atasema Anjelina maji, Anjelina nigeuze. Kwa mkwe hatasema. Heshima yake unaijua. Atakaa na kiu mpaka pakuche kuliko kugonga mlango wa chumba chenu. Ataona kitu kibaya atanyamaza, atasema moyoni nyumba ni ya wenyewe. Kwa hiyo msingoje aseme. Mwulizeni. Mwambie na Mama Trevor, mwambie kwa upole, si kwa amri.

Nitakuwa mpweke kitanda hicho kikiwa kitupu. Mungu awape moyo wa kumtunza.

Anjelina


Chilangala
19 Agosti 2024

Dada, shikamoo,

Mama yuko mzima, ananenepa! Umeme ulikatika juzi, hata hakujua. Mashine inanguruma, yeye anawasimulia wajukuu jinsi wewe ulivyoanguka kisimani utotoni. Watu wakija kutazama betri nawapitisha kwanza kwake. Anawaambia, "Hii ni pumzi ya mwanangu." Nakuambia dada, nilitoka nje nikajifanya natafuta kuku.

Kazi ndogondogo hazikosi. Vile vibao vya shaba vinakuwa vyeusi kama vimepakwa masizi, sijui ni shaba gani walituuzia. Nasugua kwa msasa, baada ya muda vinarudi vilevile. Na ile kadi ya ulinzi imekuwa na wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga, ikifika mchana jua kali inakata, mashine ya mama inazima. Mara ya tatu nikasema hapana, mama hawezi kuishi kwa wasiwasi wa kadi. Nimepitisha waya pembeni, kadi nimeiruka. Sasa haikati ovyo.

Mama halalamiki kitu. Siku moja tu alimwambia Mama Trevor kwamba chumbani kwake panasikika salfa sana. Mama Trevor akamjibu, "Mama, Newala yote sasa hivi inanuka salfa, hata ugali." Wakacheka.

Basi lala usingizi, dada.

Gasper


Chilangala
4 Septemba 2024

Dada yangu Anjelina, shikamoo,

Nilikupigia kwa kifupi kwa sababu watu walikuwa wamenizunguka. Nilichosema ndicho, mama yuko hai. Yuko wodini hapa Newala, wanampa hewa ya mtungi. Alivuta moshi mwingi.

Mimi na Mama Trevor tulikuwa shambani tunapulizia. Kumbe mama aliwasha mshumaa kwa ajili ya sala zake za mchana. Mshumaa ukaanguka, moto ukaenda stoo, salfa ikashika. Moshi wa salfa unaujua, hata nyoka anakimbia. Majirani walivunja dirisha wakamtoa. Chumba cha salfa kimekwisha, betri zimekwisha, nyumba kubwa imepona.

Mwenyewe amekubali mbele ya mtendaji wa kijiji na watu wote. Alisema ni mshumaa wake. Usimkaripie, ni uzee.

Daktari akimruhusu, uje umchukue. Mimi hapa sina hata pa kumlaza.

Gasper


Lupaso
22 Septemba 2024

Gasper,

Salamu. Sitauliza hali yako leo, unisamehe. Habari za kwako nilizichukua mwenyewe siku nilipokuja kumtoa mama, ingawa wewe ulisema una safari ukanikimbia.

Mama Trevor alinipitisha chumbani nikusanye nguo za mama. Nilisimama pale mlangoni nikiwa na kikapu. Chandarua kinaning'inia kizima. Pazia zima. Mkeka alipokuwa akipigia magoti mzima, umeingia masizi tu. Nikachungulia upande wa pili wa ukuta. Salfa imeyeyuka ikaganda kama sukari guru, na katikati yake ndiyo matofali yako, yamepasuka. Moto ulianzia huko ukamfuata mama, mama hakuupeleka. Mshumaa gani huo, Gasper, unaoruka chandarua ukapita ukutani?

Na kiberiti alikishika na vidole vipi? Vidole vile havijafunga kifungo cha gauni miaka sasa, namvalisha mimi. Mtu aliyemfukuza mzee wa kanisa kwa sigara ndiye akawashe mshumaa karibu na mashine?

Nilirudi wodini nikiwa nimefura. Nikamwambia, mama, huo mshumaa. Akanishika mkono akaubana, nguvu sijui alizitoa wapi. "Ni mshumaa wangu," akasema. "Na wewe utasema hivyohivyo." Tukapanda gari kurudi Lupaso.

Nikasema basi, liwe siri ya mama na mwanawe. Lakini Padri Silvano alikuja kumpa Komunyo, mama akaomba kutubu kwanza. Tukatoka nje. Mashine inanguruma, naye masikio yamekufa, kwa hiyo anapaza sauti. Sikutaka kusikia, nikasikia. Alitubu kwamba kwa uzembe wake alichoma nyumba ya mwanawe. Ametubu dhambi ambayo hakuitenda! Amembebesha Mungu uongo wako ili wewe usiubebe. Nilikaa chini palepale uani.

Tena maneno yameanza. Kwenu Chilangala hawasemi mshumaa tena. Wanasema kikongwe kamchomea mwanawe baada ya kuona anafanikiwa. Unajua mwisho wa maneno hayo huku kwetu. Hapa Lupaso yameshafika, Happiness ameulizwa kisimani kama bibi yake usiku hulala au hutembea.

Gasper, njoo. Mama hasemi kitu, lakini pikipiki ikipita anageuza uso mlangoni. Njoo umwambie mama, umwambie padri, uwaambie na watu kwamba zilikuwa betri. Hakuna atakayekufunga kwa betri zako mwenyewe. Nijibu.

Anjelina


Chilangala
6 Oktoba 2024

Dada Anjelina, shikamoo,

Nimeisoma barua yako nikaichoma. Sitakudanganya tena.

Zilikuwa betri. Nilimpigia fundi mmoja wa Mtwara nikamweleza, akaniuliza, "Mzee, nani anaweka shaba na salfa chumba kimoja?" Anasema salfa inaila shaba. Weusi ule ndio ulikuwa ugonjwa wenyewe. Kiungo kikichafuka kinapata joto, kadi ilikuwa inakata kwa sababu hiyo, nami nikaifunga mdomo. Mimi, niliyezaliwa kwenye vumbi la salfa, sikujua inaila shaba. Nilijua inafukuza panya.

Lakini dada, mshumaa sikuutunga mimi. Nilifika nikakuta wamemlaza mama chini ya kivuli, mtendaji anauliza moto umetoka wapi, watu wote wananigeukia mimi. Nilifungua mdomo. Mama akanitangulia, "Ni mshumaa wangu." Alikuwa ananitazama. Nikafunga mdomo. Ndivyo ilivyokuwa. Ukifunga mdomo mara moja, kuufungua tena hujui unaanzia wapi.

Sasa mzigo wa pili uko baharini, seli za watu wa Mnyambe na wa hapa. Wakisikia betri ziliwaka zikataka kumuua mama yangu, nitawaambia nini? Sitaweza kupita njia yoyote ya Newala.

Nakuomba hivi. Mzigo ukifika, seli nane za kwanza ni za mama. Nitazifunga kwako Lupaso, nje ya nyumba, kwenye sanduku la chuma, mbali na salfa, kadi ikiwa mahali pake na hakuna atakayeigusa. Ninyi mkate ile mikorosho. Atapumua vizuri mpaka siku Mungu atakayomwita. Ila dada, mshumaa ubaki mshumaa. Mama ndivyo alivyotaka. Ukikubali, tuma neno moja tu kwa simu, sema "njoo," nitaelewa.

Gasper


Lupaso
Jumapili ya kwanza ya Majilio, 1 Desemba 2024

Mdogo wangu Gasper,

Nakusalimu katika jina la Bwana anayekuja. Hujambo? Mama Trevor na watoto hawajambo? Mimi mwili ni mzima.

Nilisema "njoo," na ukaja. Sikatai. Umeme ulikuwa umekatika siku mbili na mama alikuwa anafungua mdomo kama samaki, ningekubali chochote. Mikorosho ikaanguka, yote miwili, ikiwa na korosho zake juu, Baba Happiness akaingia ndani asione. Ukafunga betri zako, kazi nzuri, safi, hata mimi nisiyejua niliona ni safi. Ukamaliza ukanawa mikono. Mama akasema, "Gasper, kaa kidogo." Ukasema gari linakusubiri. Baada ya kuondoka akaniambia, "Mwanangu ana moyo, ona alivyonifungia." Mimi nikaenda jikoni.

Sasa anapumua vizuri. Umeme unakatika, anapumua. Nyumba zote giza, kwetu taa inawaka na mama anapumua. Na unajua wanasemaje, Gasper? Wanasema mchawi roho haitoki. Wanasema kikongwe yule alitakiwa awe amekufa kwa moshi ule, lakini amekula ya mtu. Kila siku anayopumua kwa betri zako ni ushahidi wao. Msimu huu hakuna mwanamke aliyekuja kukaa nasi kubangua korosho. Mama mkwe wa Happiness, huko alikoolewa, amemkataza asimlete mtoto wake huku kwetu.

Nilivumilia yote. La leo ndilo limenishinda. Padri Silvano alileta Komunyo nyumbani baada ya ibada, na wale mama wa kanisa walikuja naye kama kawaida, watatu tu safari hii, zamani walijaa mpaka uani. Siku zote mama huanza, kwa kuwa ndiye mkubwa na ndiye mgonjwa. Leo mmoja wao akamnong'oneza padri. Padri akatazama chini. Akawapa wao kwanza kikombe, mama akawa wa mwisho, ili asiwepo atakayenywa baada ya mdomo wake. Mama aliona. Masikio yamekufa lakini macho anayo. Alikunywa, akachukua kona ya kanga akapangusa ukingo wa kikombe yeye mwenyewe, taratibu, akamrudishia padri kikiwa kikavu. Akasema asante.

Gasper, neno nililokupa nalirudisha. Nilibadilisha jina la mama yangu kwa pumzi yake, na sikuwa na haki ya kuuza kisicho changu.

Nikitaka ningesimama leo niwaambie. Nimelifikiri. Lakini namjua mama. Nikisema mimi, atanikana. Atawaambia Anjelina ana wivu na mdogo wake, atasema mshumaa, ataapa, atatubu tena kwa padri, naye atakufa akiwa amegombana na mimi kwa ajili yako. Hawezi kukukana wewe. Ukisema wewe, hatakupinga, maana hajawahi kukupinga tangu uzaliwe. Ni mdomo wako tu, hakuna mwingine unaofaa.

Padri atakuja tena Jumapili ya nne ya Majilio, na hao mama nitawaita mimi, watakuja hata kwa umbea. Uwepo. Ukae pale kitandani miguuni kwake, useme salfa, useme shaba, useme kadi uliyoiruka, kwa lugha yako ya kifundi, wasielewe nusu yake, lakini waelewe kwamba hakukuwa na mshumaa. Watu wa Mnyambe nao wana mama zao. Wengine wamekwishaanza kuweka betri kwenye vyumba vya salfa kwa kuwa waliona kwako panya hawaingii. Hilo hukuliwaza?

Baada ya hapo, ukizitaka betri zako, njoo na gari uzichukue. Uwanja uko wazi, hakuna mti wa kukuzuia.

Mama hajui kama nakuandikia. Amelala, mashine inanguruma. Naomba unijibu upesi.

Dada yako,
Anjelina